Mkuu usinunue hiyo risechi

Usinunue. Unasema uko mwaka wa mwisho BSc hapo Mbeya, kuna jamaa wa stesheneri anakuuzia risechi imeshachapwa mpaka data, alafu muda utakaobaki ndo ujipange kama uombe skolashipu ya masta au uende ualimu. Nimesoma hapo chai ikanipalia.

Mimi yangu ilikuwa ubora wa maji ya visima, huko Uyole. Jamaa wangu naye ananiita mdogo wangu, ananiambia risechi ni makaratasi tu, hakuna anayesoma, wanaangalia GPA. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likaingia, nikampa. Data kapika yeye, mimi nikabadilisha jina la kata, supavaiza kasaini wamesimama koridoni hata miwani hakuvaa. Nikapata B+, nikajiona mjanja wa jiji zima.

Sasa njoo intavyuu, maabara moja ya maji, na risechi nimeibeba kwa mbwembwe ina jalada gumu. Mama mmoja wa paneli akauliza taratibu kabisa, mwanangu sampuli ulizifikishaje? Kwa bodaboda mama. Barafu je? Nikasema Mbeya mwezi wa saba yenyewe ni friji. Wakacheka, na mimi nikacheka, nikajua nimetoboa. Inkubeta, ile mashine ya kuoteshea bakteria, uliweka nyuzi ngapi? Nikasema 37, maana ndo namba pekee iliyokuja kichwani, joto la mwili. Akafungua risechi yangu mwenyewe, imeandikwa 44.5, kumbe koliformi wa kinyesi, yaani bakteria wanaotoka chooni, wanaoteshwa kwenye joto hilo ili bakteria wengine washindwe. Alafu akaweka kidole kwenye jedwali, visima vyote E. coli, mmoja wa hao bakteria wa kinyesi, sifuri kwa mililita 100, mpaka kile ambacho ukurasa wa nyuma nimeandika kiko hatua chache kutoka chooni. "Hiki kina baraka eeh?" Hapo hakuna aliyecheka.

Na skolashipu nayo wanataka barua ya supavaiza. Yangu ilisema mimi ni kijana mwenye heshima. Angeandika nini kingine, ananijua kwa lipi? Wazee wa koridoni hawa nao Mungu anawaona.

Wakati huo kuna mwenzetu tulikuwa tunamcheka anarudi na matope kutoka mashamba ya viazi ya TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kutwa anahesabu majani yenye ukungu na mvua inamnyeshea. Akagundua mapema maabara hapawezi ila wakulima anawaweza, leo ana duka la pembejeo Mwanjelwa na wakulima wa viazi wanamfuata wenyewe.

Kwa hiyo shika kitu kwa mkono wako, hata kisima kimoja cha mtaani kwenu, andika kwenye daftari siku hiyo hiyo, sampuli zikiharibika andika zimeharibika, hicho ndo paneli watakuuliza. Barafu waombe wauza samaki. Na kabla hujaenda kwa supavaiza pitia kwa fundi wa maabara, yule ndo anajua inkubeta ipi inashika joto na ipi ni kabati tu.