Maswali ya Ahera kwa Mwalimu wa Fizikia

Wiki hii barua zenu zimefika kaburini zikapitiliza. Masharti ni yale yale: mambo ya imani peleka kwa padri, shehe au mchungaji wako. Mimi nashughulikia pale ambapo maandiko yenyewe yametaja vipimo.

Mwalimu, tunaishi watano kwenye chumba kimoja. Mchungaji anasema mbinguni kuna makao mengi. Kweli tutatoshea wote? – Mpangaji, Kayole

Mtatoshea na nafasi ibaki. Ufunuo 21:16 unasema Yerusalemu Mpya ina urefu, upana na kimo sawa, stadio 12,000 kila upande. Stadio moja ni kama mita 185, kwa hiyo ni kilomita 2,220. Wataalamu wanakadiria kuwa tangu binadamu awepo wamezaliwa watu kama bilioni 117. Tuwaingize wote, hata mwenye nyumba wako. Sakafu ya chini pekee inampa kila mtu mita za mraba 42, na kwa Kayole hiyo ni nyumba ya kuringia. Lakini mji una kimo pia. Tukiweka ghorofa za mita tatu tatu zinatoka 740,000, na fungu lako linafika kilomita za mraba 31. Hiyo ni misitu mitatu ya Karura, yako peke yako.

Shida ni kupanda. Lifti za kasi kabisa duniani hupanda mita 20 hivi kwa sekunde. Kufika juu kungekula zaidi ya saa 30, kama stima haitapotea. Tena kituo cha kimataifa cha anga za juu huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kwa hiyo kingegonga ukuta karibu na ghorofa ya 133,000. Omba ya chini. Kuhusu kodi aya imenyamaza, nami nauchukulia ukimya huo kama habari njema.

Mume wangu ameandika kwenye wosia achomwe kwenye tanuru la maiti la Kariokor kama Wangari Maathai. Mama mkwe analia eti siku ya kiyama mwanawe hataonekana. – Mke, Buruburu

Kemia inamtetea mumeo. Tanuru hugeuza sehemu kubwa ya mwili kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi. Majivu ni madini ya mifupa, hasa fosfati ya kalsiamu. Udongo wa makaburi ya Lang'ata hufanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi, bakteria wakiwa vibarua. Kaboni ikishaingia hewani, mimea huinyonya. Siku moja iko kwenye sukuma wiki ya jirani, siku nyingine iko kwenye jirani mwenyewe. Swali gumu basi ni hili: atomu hizo zitaamka zikiwa za nani?

Na halikuanzia Buruburu. Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 katika Algeria ya leo, alilikabili kwa ukali zaidi: mtu akiliwa na mtu, nyama hiyo itafufuka na nani? Akaamua itarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Mlaji alikopa tu. Sisi tuna kesi ya simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Patterson, aliyewaua, alikuja kudai walikula watu 135. Watafiti waliopima isotopu (aina za atomu zinazoonyesha mnyama alikula nini) za nywele na mifupa yao walikadiria mwaka 2009 kuwa ni 35 hivi. Simba wenyewe wako kwenye makumbusho Chicago, kwa hiyo kuna marehemu ambao sehemu zao zitahitaji viza ya kurudi Voi. Mwambie mama mkwe kwamba atakayeisuluhisha kesi hiyo hatashindwa na kopo moja la majivu.

Qurani inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu tunayohesabu. Einstein angekubali? – Muuza vitambaa, Eastleigh

Hesabu inakubali. Saa inayokwenda kasi huchelewa ikilinganishwa na iliyotulia. Mwaka 1971 saa za atomu zilipandishwa ndege, zikapimwa, ikaonekana. Ili siku moja iwe miaka elfu, msafiri aachwe na mwanga kwa milimita moja tu kwa sekunde, na mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Pengo hilo ni mwendo wa konokono. Ila aya yenyewe, Al-Hajj 47, iliwajibu watu waliokuwa wakiihimiza adhabu ije haraka. Haimhusu mteja wako anayesema "nalipa kesho".

Jehanamu ni nyuzi ngapi? – Kijana, Githurai

Ufunuo 21:8 unataja ziwa la moto na salfa. Salfa huchemka kwenye nyuzi 444.6, ikipita hapo inakuwa mvuke na huna ziwa tena. Hoja hiyo ilichapishwa kwa utani mwaka 1972 katika jarida la Applied Optics. Tanuru la kuchomea maiti kwa kawaida hupita nyuzi 800, kwa hiyo Kariokor ni kali zaidi. Usishangilie bado: kuchemka hutegemea mgandamizo wa hewa. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana githeri yetu hula makaa kuliko ya Mombasa. Jehanamu ikiwa chini sana, ziwa linaweza kuwa moto zaidi bila kukauka.

Ati roho ina gramu 21? Nina mizani ya dijitali. – Muuza nyama, soko la Burma

Iache ipime nyama. Namba hiyo ni ya Duncan MacDougall, daktari wa Massachusetts, mwaka 1907. Aliweka wagonjwa sita mahututi juu ya mizani, kitanda na vyote. Mmoja tu ndiye aliyetoa hizo gramu 21. Wawili aliwaondoa kwenye hesabu, na waliobaki hawakulingana. Alipima pia mbwa 15, wasipungue, akaona ni kwa sababu mbwa hawana roho. Daktari mwenzake, Augustus Clarke, akamwambia ni jasho: mapafu yakisimama damu haipozwi, ngozi inatota, na mbwa hatoi jasho kama sisi.

Kwa hiyo mteja akikosa gramu 21 kwenye kilo yake, usimwambie ni roho ya mbuzi.