Kabla hujasema "imeniingia", gusa jeki

Jumamosi iliyopita kijana mgeni aliweka Merzbow, yule Mjapani wa muziki wa makelele, kwenye spika ya simu, akapandisha sauti mpaka mwisho, akafumba macho na kuanza kutikisa kichwa. Simu ilikuwa juu ya benchi langu la kazi, katikati ya redio mbili zilizopasuliwa matumbo. Kilichotoka pale ni mlio wa nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Dakika ya tatu akafumbua macho: "Mzee, hii imeniingia." Nikamuuliza imeingilia wapi. Hakuna aliyecheka, maana sote pale tumewahi kuwa yeye.

Nikaona niandike, nipumzike kurudia kila wiki. Wadogo zangu mnaokuja kusikiliza droni (mlio mrefu unaogeuka polepole) na noizi (muziki wa makelele matupu) pale kwangu Mwanga, Kigoma, haya ni yenu. Ni mwaka wa kumi na nne mimi ni fundi redio hapa mwisho wa reli, na wa tisa nikiwa msikilizaji wa makelele haya. Mengi ninayoyajua niliyapata kwa aibu.

1. Droni haisikilizwi kwa spika ya simu. Nusu yake iko chini, kwenye mlio mzito ambao spika ya simu haiwezi kuutoa.

2. Acheni kuokoa bando kwa kushusha mafaili yaliyobanwa mpaka kilobiti 64 kwa sekunde. Muziki wenye mpangilio unabanika vizuri, kwa sababu kinachofuata kinaweza kukisiwa. Noizi haikisiki. Ukiibana sana, juu yake inaota sauti ya majimaji, kama mtu anaoga chumba cha pili. Mmoja wenu aliwahi kuisifia hiyo sauti ya maji mbele yangu kwa robo saa nzima, akasema ni "tabaka". Faili moja zima ni bora kuliko ishirini mabovu.

3. Kidole kikae mbali na kioo. Mnaruka. Nawaona. Éliane Radigue, mtunzi wa Ufaransa, alikaa na sintesaiza yake ya ARP 2500, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, miaka na miaka akitengeneza kazi zinazogeuka polepole kuliko kivuli cha mwembe, halafu wewe unavuta dakika tano mbele, tena tano, unasema "ni kilekile tu". Ungekaa nayo ungeona ulikotoka hakupo tena.

William Basinski, mwanamuziki Mmarekani, mwaka 2001 alikuwa anahamishia kwenye kompyuta kanda zake za miaka ya 1980. Lupu fupi, kipande cha kanda kilichoungwa ncha kwa ncha, ilikuwa inazunguka, na kila ikipita kwenye hedi inayosoma kanda, unga wa sumaku ulioshika sauti unabanduka kidogo. Akaacha irekodiwe hivyohivyo inavyokufa. Kazi ya kwanza iliyotokana na kanda hizo inapita saa moja. Mnaniambia "mzee, inajirudia". Kanga nayo inarudi kwenye beseni ileile kila wiki. Siku moja unaianika na jina halisomeki. Ukiruka katikati ya kazi hiyo unapata picha mbili za kanga, mpya na kuukuu, na hujaona ikichujuka.

Mimi nina kaseti za marehemu baba, kwaya na matangazo ya mpira, zilizokaa juu ya kabati chini ya bati kwa miaka mingi. Moja nikiicheza inaacha vumbi la kahawia kwenye hedi. Nimeicheza mara mbili tu.

4. Punguza sauti. Kipimo kinachotumika kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Ukifika 100 una dakika kumi na tano tu. Noizi kali siyo shindano la kuvumilia kama kula pilipili. Ukitoka pale masikio yanalia nziii, hujaelewa sana, umeumia.

5. Gusa jeki kwanza, yaani kile kichomeo cha mwisho wa waya. Hii ndiyo iliyonikalisha kuandika, na nitaisema yote.

Miaka minne iliyopita tulikuwa watu sita. Tulikuwa na amplifaya moja, waya mrefu wa kuongezea, kigawio mwishoni mwake, na hedifoni tano. Wa sita, kijana aliyekuwa anasubiri ajira ya ualimu, alikosa tundu la kuchomeka. Tukamrushia faili lilelile kwenye simu yake, akavaa hedifoni zake mwenyewe, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango. Kazi yenyewe siitaji jina. Aliyeitengeneza hana kosa.

Mimi nilikuwa nimeisikiliza wiki nzima kupitia waya uleule. Nilichosikia ni ukungu mpana kushoto na kulia, na katikati tundu, kama sebule iliyofagiwa, vikombe vimepangwa, mwenye nyumba hayupo. Niliipenda mno. Nikaiandikia karatasi mbili, mbele na nyuma. Karatasi mbili kuhusu kutokuwepo, wadogo zangu! Kulikuwa na neno "ombwe" mara kumi na moja. Nimezitunza, nikizisoma napata joto la masikio.

Kazi ilipoisha nikaanza kusoma. Nilikuwa ukurasa wa tatu, pale ombwe linapokutana na kifo, yule kijana akanyoosha mkono.

"Kaka, samahani. Yule mama wa pale katikati anasema nini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Hakuna mama. Hilo ndilo somo lenyewe, dogo. Umelelewa na Bongo Fleva, sikio lako linatafuta mwimbaji hata asipokuwepo." Wale wanne wakacheka pamoja nami. Hawakuwa wanajipendekeza kwangu. Walisikia tundu lilelile, kwa waya uleule. Watano kwa mmoja.

Aliitazama simu yake kwa muda. Akasema, "Samahani, kaka, labda nimechanganya." Tukaendelea na ombwe. Chai ilipofika, ile ndoo haikuwa na mtu. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja, nami nikasema kwa sauti, mbele za watu, kwamba muziki huu si wa kila mtu.

Miezi saba baadaye mteja akataka waya mrefu, nikamtolea ule. Kitu cha mteja hakitoki kwangu bila kupimwa, ndiyo sheria yangu, na oneni ninavyosema cha mteja. Nikachomeka, nikagusa faili lililokuwa juu kwenye simu, ikawa ndilo lile. Tundu langu lilikuwepo, zuri kama kawaida. Nikabana waya pale unapoingia kwenye jeki, nione kama umelegea, na mwanamke akaingia chumbani. Alikuwa katikati kabisa, karibu, anaongea taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikaachia kidole, akaondoka. Nikabana, akarudi.

Nikachana mpira kwa wembe. Waya mwekundu mzima, wa kijani mzima. Ule wa shaba mtupu, ethi, ulikuwa umekatika, umebaki na nyuzi mbili tatu zinazogusana ukizibana. Mnaojua ufundi mmeshanicheka. Ethi ikikatika, spika mbili za hedifoni zinabaki zimefuatana kati ya kushoto na kulia, na kinachosikika ni tofauti ya pande hizo tu. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutika. Na sauti ya mtu, mara nyingi, ndiyo inayowekwa katikati, yaani sawasawa huku na huku.

Kinachoniua ni kwamba ugonjwa huu naletewa kila mwezi. "Fundi, hedifoni yangu inameza mwimbaji." Sihitaji hata kupima. Nakata, nalehemu, elfu mbili, dakika kumi. Lakini ilipotokea kwenye kitu nilichoambiwa ni sanaa ya majaribio, ufundi wangu wote niliuacha mlangoni na viatu.

Mteja nilimpa waya mwingine. Kijana nikamtafuta, kumbe alishapata kazi, yuko Kasulu. Nikampigia, nikaeleza yote kuanzia jeki. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilijua ni masikio. Nilienda mpaka kusafishwa." Walimpulizia maji, akalipa, hakikutoka kitu. Na miezi yote hiyo hakusikiliza chochote kwa hedifoni, akiogopa kusikia watu wasiokuwepo.

Sasa najua kuna mjanja atakayeniletea hadithi ya Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza. Wageni wote mnaileta. Ndiyo, mwaka 1975 Eno aligongwa na teksi, akawa amelala kitandani. Rafiki akamletea sahani ya muziki wa kinubi, akaondoka, naye Eno akajikongoja kuiweka, akarudi kulala. Sauti ilikuwa chini mno, upande mmoja wa spika haufanyi kazi, nje mvua inanyesha, naye hana nguvu ya kuinuka kurekebisha. Akalala akisikiliza kinubi kikichanganyika na mvua, na kutoka pale likaja wazo lililomfikisha kwenye muziki wake wa viwanja vya ndege wa mwaka 1978. Hadithi tamu. Lakini Eno alijua spika moja imekufa. Mimi sikujua.

Kwa hiyo kwetu utaratibu ni huu: mmoja akisikia asichosikia mwingine, kwanza tunabadilishana hedifoni, pili tunageuza kushoto na kulia, tatu tunashika waya. Baada ya hapo ndipo mnaweza kubishana kuhusu ombwe.

6. "Hayo ni mambo ya wazungu." Mtaambiwa hivyo nyumbani, na mnajibu vibaya. Jibuni kwa mfano. Mwaka 1944 huko Cairo, Halim El-Dabh, Mmisri, aliingia na mashine ya kurekodia kwa waya kwenye shughuli ya zaar, ya kutuliza pepo, akarekodi akina mama wakiimba, kisha akaichakata ile sauti redioni mpaka ikabaki mwangwi. Mfaransa Pierre Schaeffer na kazi yake ya treni alizorekodi Paris ni 1948. Jirani zetu wa Kongo, bendi ya Konono N°1, walijitengenezea maikrofoni kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, likembe, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ikakwaruza mpaka raha. Nairobi ametoka msanii KMRU na albamu yake Peel ya 2020. Anzeni na hiyo kabla ya Merzbow, tafadhali. Na hapo Burundi mpiga inanga, ala ya nyuzi, huimba kwa kunong'ona, pumzi ikiwa nyingi kuliko sauti. Babu zetu hawakuogopa mkwaruzo.

Ila nanyi msivuke mpaka mkadai kila ngoma ya harusi ni noizi. Mjomba wangu ni mpiga ngoma. Kijana mmoja alimwambia hivyo kwa kumsifu, karibu apigwe.

7. Nendeni Kibirizi, ufukweni, usiku bila simu. Kaa saa moja. Siku za giza utasikia injini za wavuvi wa dagaa zikitoka moja moja, kila moja na mlio wake, mpaka zinakuwa mlio mmoja mbali ziwani na hujui ilikuwa lini zilipoungana. Siku za mbalamwezi hawatoki, linabaki ziwa lenyewe. Mwanamuziki Pauline Oliveros mwaka 1988 alishuka na wenzake kwenye tangi la maji la chini ya ardhi huko Marekani, mahali ambapo mwangwi unadumu sekunde 45, wakapiga na kungoja. Sisi tangi hilo hatuna, tuna ziwa.

8. Nyumbani tumia hedifoni. Mke wangu muziki huu anauita "jenereta lako". Enzi zile umeme wetu wote wa Kigoma ulipokuwa wa majenereta ya dizeli, umeme ulikatika nikiwa nasikiliza droni kwenye sabufa ya betri. Akatoka jikoni na kijiko mkononi, anatazama taa, ananitazama mimi. "Mbona limezimika na bado linanguruma?" Sijawahi kupata uhakiki bora zaidi ya huo.

9. Msilete karatasi. Ukitaka kusema, sema ulichosikia: kilianza wapi, kikaenda wapi, nini kiliondoka. Neno "ombwe" kwangu limefungiwa.

10. Jumamosi hii tunaanza saa kumi jioni, Radigue, mwanzo mpaka mwisho, mende hata akipita. Aliyechukua adapta yangu nyeupe airudishe. Na ile ndoo ya mlangoni msiikalie, nimebadilisha, nimeweka kiti. Mwalimu anakuja kutoka Kasulu. Nimemwambia hedifoni zipo, na kigawio nimenunua kipya. Amesema asante, kaka, atakuja na za kwake.