Maswali na Majibu: Kuita Huduma za Wavuti kwa Java Bila Madarasa ya Mapema

Anwani ya huduma naijua programu ikiwa tayari inaendeshwa. Nitaiitaje bila kuzalisha madarasa (classes) kwa wsimport, zana inayoyatengeneza kutoka WSDL, yaani faili ya XML inayoielezea huduma?

Tumia Dispatch ya JAX-WS, maktaba ya Java ya kuita huduma za SOAP (itifaki ya kutumiana ujumbe wa XML). `Service.create` inapokea jina la huduma, `addPort` inaongeza anwani, na `createDispatch` inakupa njia ya kutuma XML uliyoijenga mwenyewe. Chagua PAYLOAD: unaandika kiini tu, bahasha ya SOAP (XML inayokizunguka kiini) unawekewa. MESSAGE iache hadi utakapolazimika kugusa bahasha. Ila kama huduma inajulikana tangu mwanzo, zalisha madarasa. Kompaila itakukamatia makosa mengi.

Nimefanya hivyo, seva inasema haitambui operesheni. XML hiyohiyo kwenye SoapUI, programu ya kujaribia huduma, inapita!

Pole, najua inavyochosha. Tazama kwanza SOAPAction, kichwa cha HTTP kinachotaja operesheni unayoiita. SoapUI huisoma kwenye WSDL na kuituma bila wewe kuiandika, lakini Dispatch iliyojengwa kwa `addPort` WSDL haijaiona. Kwenye `getRequestContext()` weka `SOAPACTION_USE_PROPERTY` kuwa `Boolean.TRUE`, kisha thamani yenyewe kwenye `SOAPACTION_URI_PROPERTY`.

Ikigoma bado, linganisha nafasi za majina (namespaces) za XML herufi kwa herufi. `http://mfano/huduma` na `http://mfano/huduma/` ni vitu viwili tofauti kabisa. Mimi nilishakesha usiku mzima kwa ajili ya mkwaju huo wa mwisho, na tangu siku hiyo nanakili kutoka WSDL, siandiki kwa mkono.

JaxWsDynamicClientFactory ya Apache CXF, maktaba nyingine ya huduma za wavuti, ni rahisi, lakini kumbukumbu ya seva inazidi kujaa. Kwa nini?

Bila shaka unaita `createClient` kwa kila ombi. Kila mara inasoma WSDL, inazalisha madarasa, inayakompaili na kuyapakia. Tengeneza klienti moja kwa kila WSDL, uitunze kwenye `ConcurrentHashMap`; usiyoihitaji tena, ifunge kwa `destroy()`. Na kwa kuwa inakompaili, seva iwe na JDK (yenye kompaila), JRE (ya kuendeshea programu tu) pekee haitoshi.

Tumehamia Java 11, `javax.xml.ws` (kifurushi cha JAX-WS) haionekani.

Iliondolewa kwenye toleo hilo, mwaka 2018. Ongeza maktaba ya JAX-WS kwenye mradi. Kuanzia Jakarta EE 9 jina ni `jakarta.xml.ws`, kwa hiyo usichanganye matoleo.

Huduma yangu inatumia JSON, haina WSDL.

`HttpClient` ya Java 11 inatosha. Weka `connectTimeout` kwenye klienti na `timeout` kwenye ombi, maana usipoweka, seva ikinyamaza programu yako itasubiri bila kikomo.