Kwa anayeuliza kama ashike shahada ya pili kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima usome shahada ya pili kabla ya kutafuta kazi ya haki za mazingira hapa Mombasa, na jibu langu ni hapana, si sasa. Anza kwa kuisoma kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa ambako moshi na majitaka ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu viliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi: Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, fidia hiyo ikatenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi Desemba 2024. Waliowafikisha huko ni mawakili, naam, lakini pia vipimo vya damu na udongo, na watu waliovihifadhi vizuri. Kazi hiyo ya kuandika, kupima na kutunza kumbukumbu ndiyo inayokosa vijana, ingawa haina jina la kupendeza kwenye wasifu. Visome pia vifungu vya 42 na 70 vya Katiba ya Kenya, vinavyohusu haki ya mazingira safi, kwa kuwa mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia.

Upande wa tabianchi, jiunge na kikundi cha mikoko pale Tudor, na uwaulize wazee mlilana unakaa wapi na mchu wapi (hizo ni aina mbili za mikoko), maana miche mingi hufa kwa kupandwa mahali pasipoifaa huku wafadhili wakipigwa picha.