Fonti nyembamba inanitoa machozi, naweza kuinenepesha?

SWALI: Kaka fundi, asalaam aleikum. Niko Langoni hapa Lamu, mume wangu kaniletea Kobo, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, nikaitia fonti ya Gentium kwa vile ni ya bure na herufi zake nzuri mno. Mchana barazani nasoma raha tu, lakini ikikaribia magharibi naona kama wino umekwisha, vijiti vyembamba mpaka macho yanachuruzika. Nikiweka bold naona kama nasoma mabango ya kampeni. Ati fonti kama hizi mtu anaruhusiwa kuzibadilisha mwenyewe?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Unaruhusiwa, na wala macho yako hayana shida. Wino wa chapa husambaa kidogo kwenye karatasi, herufi ikanenepa yenyewe, kioo cha Kobo hakisambazi kitu. Na Gentium ni nyembamba toka asili yake.

Kabla hujashika patasi, SIL, lile shirika lililoitengeneza, wenyewe walishatoa Gentium Book, ni ile ile imenona kidogo, jaribu hiyo wiki moja. Bado? Basi ndo uingie FontForge, programu ya kuchora na kubadilisha fonti, kwenye kompyuta, nayo ni ya bure. Chagua herufi zote, nenda Element, Style, halafu Change Weight, tia namba. Gentium imechorwa kwenye mraba wa vipimo 2048 kila upande, mimi naanzaga na 20 hivi, nikifika 40 matumbo ya a na e yanaanza kuziba. Na usiijaribu kwa maneno ya Kizungu, andika mmomonyoko na ng'ombe, hapo ndo utaona m zinavyogongana na kile kikoma cha ng' kinavyotaka kuganda kwenye o, ikiwa hivyo ongeza nafasi za pembeni kidogo kidogo.

Sasa jina. Leseni yake ni OFL, yaani Open Font License, leseni huria ya fonti, unabadilisha utakavyo na unampa jirani, ila huiuzi peke yake, na jina la Gentium limehifadhiwa, ukiigawa yako lazima iitwe kingine. Iite Langoni, nani atakuuliza! Ubadilishe na ndani, kwenye Font Info, sio jina la faili tu. Kisha toa Langoni-Regular.ttf, Langoni-Italic.ttf, Langoni-Bold.ttf na Langoni-BoldItalic.ttf, uzitie kwenye folda ya fonts ndani ya Kobo. Italiki, zile herufi za kuinama, usiisahau, ukiiacha nyembamba ukurasa utakuwa na mabaka.

Chomoa waya, fungua kitabu kwa saizi yako ya siku zote, ukaipime hapo hapo barazani saa hiyo hiyo ya magharibi, sio kwenye kompyuta.