Msomaji Auliza: Mrehani Wangu Mbona Umebaki Vijiti?

SUALI: Assalamu alaykum dada. Mie nakaa Michenzani kwenye maghorofa, sina hata kipande cha ardhi, nimepanda mrehani, nanaa na kotmiri kwenye makopo hapo roshanini. Nanaa imejaa mpaka naiona raha, lakini mrehani umerefuka tu, juu maua chini vijiti, na kotmiri ndo kabisa, haijafika kwenye sufuria ishatoa maua. Maji namwagia asubuhi na jioni wala sisahau. Nakosea wapi?
Mama wa watoto wawili, Michenzani

JIBU: Waalaykumu salaam mwenzangu. Mrehani wako nadhani unauonea huruma, huukati, na hapo ndo tatizo. Ukishatoa maua na kuanza kufunga mbegu nguvu zake zote zinakwenda huko, majani yanakuwa madogo tena magumu. Kata kila ncha, kata juu kidogo ya pale yalipotoka majani mawili yanayotazamana, patachipua matawi mawili, na hayo yakirefuka kata tena, ndo unaona mrehani wa mtu mwengine umekuwa kichaka wa kwako umesimama kama fimbo. Huo uliozeeka usiung'oe kwanza, tafuta vitawi visivyo na maua, toa majani ya chini, tia kwenye gilasi ya maji, wiki moja mbili utaona mizizi.

Bibi yangu alikuwa hapiti penye mrehani wake bila kuchuma kijitawi akatia kwenye ushungi, na siku za harusi majirani wanakuja na vikapu kuchuma wa kufungia vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na asumini, na mrehani ule haukuisha, kila ukichumwa unazidi. Mimi mpaka leo nikisikia ile harufu namuona yeye uani.

Maji sasa. Mara mbili kila siku ni nyingi, labda kaskazi likipiga na kopo lenyewe dogo. Tia kidole kwenye udongo, ukiwa umaji wache. Hakikisha makopo yana matundu chini, na kile kisahani cha kukingia maji kimwage, usije ukafuga mbu ndani ya nyumba.

Kotmiri si kosa lako, joto tu, ikiunguzwa inakimbilia maua. Ipande kuanzia mwezi wa 6 hivi, kusi likiwa linavuma na kuna ubaridi. Mbegu ni zile giligilani za jikoni, zisiwe za kusaga tu, ziviringishe kwa chupa zipasuke vipande viwili maana kila punje ina mbegu mbili, uzimwage palepale zitakapokulia kwa sababu kotmiri haipendi kuhamishwa. Panda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili tatu ndo hukosi ya chatine.

Na nanaa ikae kopo lake peke yake jamani, mizizi yake inatambaa itawabana wenzake wote.

SUALI: Baba yangu ana presha, watu wanamwambia anywe chai ya mchaichai aache vidonge. Mchaichai tunao tele nyuma ya nyumba. Ni kweli?
Kijana wa Chake Chake

JIBU: Vidonge asiache mwanangu, hata siku moja, na akitaka kubadilisha chochote azungumze na daktari wake. Chai na anywe kama chai, ila muulize daktari pia kama anakunywa nyingi. Kata bua karibu na ardhi, liponde kwa mchi, lichemshe na maji kabla ya kutia majani ya chai. Na hilo shina likishakuwa kubwa katikati pakavu lichimbueni masika yakianza, mlipasue vipande vipande, kila kipande na mizizi yake, mpande upya na vyengine mpeni jirani.