Karatasi ya kliniki ya meno usiifungie kwenye jalada

Mleta mada, nimesoma maelezo yako mara mbili, na mara ya pili ilinibidi niiweke simu mezani. Umeandika kwamba umekutwa na saratani ya ulimi, kwamba upasuaji ni baada ya wiki tatu na mionzi itafuata, kisha ukauliza mambo manne: ule nini kabla ya kulazwa, uache sigara lini, uombeje ruhusa kazini, na umwambieje mama yako aliyeko kijijini. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka salamu akiwa amekwisha kufika mlangoni, ukaongeza kwamba daktari amekuandikia karatasi ya kwenda kliniki ya meno, lakini utaishughulikia "mambo yakitulia" kwa kuwa magego yako mabovu hayaumi. Hayo manne yatasubiri. Hilo la tano, ulilolitaja kwa kupita tu, ndilo lililonipotezea kipande cha taya.

Mimi nilianza mwaka 2019 na kidonda pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto, nikadhani ni gego lililokatika linanikwangua. Nikakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, majibu yakaja, nikalazwa, nikaondolewa sehemu ya ulimi pamoja na mitoki ya shingo ya upande huo. Baadaye nikapewa vipindi 30 vya mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 6. Nikiri tu kwamba upasuaji wenyewe, ambao ulikuwa ukininyima usingizi, ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nililishwa kwa mrija wa puani siku 9, nikazungumza kwa daftari na kalamu, na mke wangu anasema hajawahi kuwa na ndoa tulivu kama wiki ile. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Ni kweli, na ndiyo maana ulimi wangu ulipona. Balaa lilikuwa kwenye mfupa wa chini yake.

Nami nilipewa karatasi kama yako kabla ya upasuaji. Nilikuwa na magego mawili ya chini yaliyotoboka miaka mingi na hayakuwa yakinisumbua. Shemeji yangu, ambaye alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa kwa miaka kadhaa na kwa sababu hiyo akawa daktari wa ukoo mzima bila kuapishwa, akaniambia kwamba jino lisilouma haling'olewi, kwamba nitapoteza damu bure kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na kwamba meno hung'olewa wakati wowote mtu akipenda. Nilimwamini kwa sababu alisema kile nilichotaka kukisikia. Mtu aliyetoka kuambiwa ana saratani hana tena moyo wa kukodolea macho koleo la daktari wa meno. Karatasi ile niliichomeka ndani ya jalada langu, na imo humo hadi leo.

Sasa elewa kinachotokea. Mionzi inaua seli za saratani, lakini njiani inaharibu pia mishipa midogo ya damu inayoulisha mfupa wa taya, hasa taya la chini, ambalo tangu mwanzo halina damu nyingi kama la juu. Wakati huohuo inakausha tezi za mate, na mdomo usio na mate huozesha meno kwa kasi ya ajabu, hata yale yaliyokuwa mazima. Kwa hiyo lile gego lililokuvumilia miaka kumi litaanza kuuma baada ya mionzi, yaani wakati uleule ambao mfupa wake umepoteza uwezo wa kupona. Na usidhani mfupa ukipumzishwa mwaka mmoja au mitano utarudi ulivyokuwa. Hatari hiyo utaishi nayo maisha yako yote.

Langu liliuma miezi 14 baada ya kumaliza mionzi. Nikaenda kliniki moja ya mtaani karibu na nyumbani, nikamkuta kijana mchangamfu sana, akanichoma ganzi na kuling'oa kwa dakika kumi. Nina kovu linaloanzia nyuma ya sikio hadi kooni, pana kama mkanda wa saa, na hakuniuliza nimelipata wapi. Ningekuwa gari, fundi angeuliza liligongwa lini. Lawama zangu sijazimaliza: kwake kwa kutouliza, kwa shemeji kwa kujua kila kitu, na kwangu mimi ambaye nilikuwa na ulimi, japo pungufu, na sikuutumia kumwambia.

Shimo la jino halikufunga. Wiki ya nne nikawa nikipitisha ncha ya ulimi nagusa kitu kigumu, chenye makali kama ganda la yai, nikadhani ni kipande cha jino kilichosalia. Nikasimama mbele ya kioo na tochi ya simu: ulikuwa mfupa, wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na manjano, uko wazi kabisa, ufizi umeukimbia pande zote. Nilipewa dawa za kuua bakteria mara tatu, kila mara usaha ukapungua na kurudi. Vipande vya mfupa vikaanza kutoka vyenyewe, vingine vidogo kama punje ya mchele. Kisha ngozi chini ya taya ikatoboka, na siku moja nikiwa nakunywa maji mbele ya wageni nikaona kola ya shati inalowa. Maji yalikuwa yakiingia mdomoni na kutokea shingoni. Nilisingizia jasho. Mwisho wa yote, asubuhi moja nikitafuna chapati niliyoichovya kwenye chai, nikasikia mlio wa kijiti kikavu, na taya likawa limevunjika.

Upasuaji wa pili ulichukua saa nyingi kuliko ule wa saratani yenyewe. Walikata mfupa uliokufa, wakaweka bamba la chuma, wakavuta nyama ya kifuani hadi mdomoni kuziba pengo. Nyama ile imekuja na tabia zake za kifuani: inaota nywele. Mimi ndiye mwanamume wa mtaa wetu anayenyolewa ndani ya mdomo, na kinyozi wangu ana shahada ya udaktari.

Kwa hiyo hesabu yako ni hii. Nenda kliniki ya meno wiki hii, wapige eksirei ya taya zima, na uwaambie kwa maneno haya: "Nitapigwa mionzi ya taya, jino gani hapa hamwezi kulidhamini kwa miaka mingi?" Watakaloshindwa kulidhamini litoke sasa, kwa sababu kidonda kinahitaji angalau wiki 2, na bora 3, kabla ya mionzi ya kwanza. Muulize pia daktari wako wa upasuaji kama magego hayo yanaweza kutolewa ukiwa katika usingizi uleule wa upasuaji, maana hapo utapata muda wa kutosha wa kupona na hutayasikia kabisa. Jino lililo jirani na uvimbe wenyewe usikubali liguswe na mtu mwingine yeyote asiye yeye. Sisemi uyang'oe yote. Yanayofaa kubaki yazibwe palipotoboka, yasafishwe, na upewe dawa ya floridi utakayoitumia kila siku, kwa kuwa mate hutakuwa nayo ya kuyalinda. Ikiwa mionzi imekwisha kupita na jino limeanza kuuma, usiende kwa mtu wa mtaani hata kama ni ndugu yako wa damu. Rudi kwa waliokupa mionzi kwanza.

Chakula: kula unachoweza kula, unenepe kadiri unavyoweza, kwa sababu baadaye utaishi kwa uji na mtori. Sigara iache leo, pamoja na ugoro kama unatumia, bila kusubiri Jumatatu. Uliuliza na mengine, lakini kliniki ya meno inafunguliwa asubuhi na foleni yake unaijua. Ukitoka huko andika hapa wametoa mangapi. Kwangu yalikuwa mawili tu.